Kipeo, Kipeuo na Gita la Mwalimu Rukia

Haya ninayoyasema nimeyafungia moyoni karibu miaka miwili, na leo nayatoa mwenyewe kwa sababu moja tu, kwamba nisipoyatoa mimi mtayapata kwa mama yangu, na mama akianza kusimulia huongeza chumvi mpaka mtu aliyekuwepo ajiulize kama kweli alikuwepo. Niliaibika. Niliaibika mbele ya ukumbi mzima wa wazazi, walimu na wasichana wa shule, na jambo lenyewe lilianza kwa neno moja, nalo nililitamka huku nikitabasamu.

Mimi ni seremala. Kibanda changu kiko Bombolulu, na kazi zangu ni viti, fremu za vioo na masanduku ya kuchonga ya maharusi. Mikono yangu haina ubaya, wateja wenyewe husema. Ubaya uko kichwani: mimi ni mtu wa ndoto za mchana. Mtu akizungumza nami, hasa akiwa na sauti ya upole, masikio huifuata ile sauti kama mtu afuataye harufu ya udi, na maneno yenyewe hupita pembeni yakaenda zake. (Nikiwa darasa la tano mwalimu aliniuliza mji mkuu wa Uganda nikamwambia "naam, mwalimu," na nikakaa.)

Basi alasiri moja jua lilikuwa limeingia kibandani kwa mshazari, vumbi la mbao likielea ndani ya mwanga polepole kama halina haja ya kutua, ndipo akaingia Mwalimu Rukia. Sikuwa nikimjua. Alijitambulisha kwamba anafundisha hesabu katika shule moja ya wasichana huko Likoni, upande wa Timbwani, na ndiye msimamizi wa kikundi cha muziki cha wasichana hao, na kwamba gita lao la pekee lililiwa na mchwa stoo mpaka ukiligusa linabaki unga. Alikuwa ameona sanduku langu kwenye harusi ya binamu yake akaulizia fundi.

"Fundi Hamadi," akasema, "mtu awezaye kuchonga sanduku lile, gita laweza kumshinda?"

Sasa ninyi niambieni, sauti kama ile, swali kama lile, mngejibuje? Nikasema haliwezi kunishinda. Gita nalikuwa sijapata hata kulishika.

Mwalimu Rukia akaomba karatasi, akakaa kwenye kiti ambacho miguu yake haikuwa imekauka gundi, akanichorea. Uzi wa gita kutoka juu hadi chini uwe sentimita sitini na nne. Ukiubana katikati, ukabaki thelathini na mbili, utatoa sauti ile ile lakini ya juu zaidi. Na baina ya hapo mwanzo na hapo katikati, shingoni mwa gita, pawe na vyuma vyembamba kumi na viwili vya kubania nyuzi, kila chuma ni hatua moja ya kupanda sauti. Akaandika namna ya kupata mahali pa kila chuma. Akaandika mbili, na juu yake, begani kabisa, akaandika kwa herufi ndogo moja juu ya kumi na mbili. Chini yake akaongeza maneno: "Kipeo hiki ndicho kipeuo cha kumi na mbili."

Akaeleza. Wallahi alieleza vizuri, naikumbuka sauti ilivyokuwa ikipanda na kushuka, na nakumbuka vumbi lilivyotua kwenye mtandio wake wa kijani. Maneno siyakumbuki hata moja.

"Umeelewa, Fundi?"

Hapo ndipo. Ningesema sijaelewa angerudia, na kumsikiliza tena ndilo jambo nililolitaka kuliko yote, lakini niliona haya. Nikasema, "Nimeelewa, mwalimu. Hilo ni jambo dogo."

Alipoondoka nikaitoa ile karatasi nikaitazama. Kipeo. Kipeuo. Nikadhani ni neno moja, na kwamba mara ya pili kalamu imemteleza akatia "u" isiyohitajika. (Nikamsamehe moyoni. Nikaona hata kosa lake ni zuri.) Halafu ile moja juu ya kumi na mbili nikaijua mara moja, maana sehemu ni sehemu, seremala hupima nusu na robo kutwa kucha: moja juu ya kumi na mbili ni kukata mara kumi na mbili sawasawa. Mwanzo hadi katikati ni sentimita thelathini na mbili, gawa kwa kumi na mbili, kila nafasi yapata mbili na theluthi mbili. Kazi imekwisha. Nikashangaa kwa nini watu wanaogopa hesabu.

Na sikilizeni niwaambie hili pia, ijapokuwa lanichoma zaidi. Wiki ile nilipeleka fremu ya kioo Nyali, nikapita mbele ya duka la vyombo vya muziki, nikaliona gita dirishani. Nikakaribia mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Nikaona kwamba vile vyuma havina nafasi sawa: kule juu vimeachana sana, na vikishuka vinazidi kubanana. Mtu mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nilitikisa kichwa. Nikasema, tazama kazi ya kiwandani, mtu ana haraka ya kwenda kula, anaanza kwa nafasi pana, akiona shingo inamwishia anabanabana. Nikaondoka pale nikiwa nimejiapiza kwamba gita la Mwalimu Rukia halitakuwa na uzembe kama huo.

Nikalitengeneza kwa mwezi mzima. Shingo ya mvule, tumbo la msonobari uliokatwa mwembamba hata ukiuinua juani unaona kivuli cha vidole nyuma yake. Nilikuwa nikilipiga msasa huku nimefumba macho, na kila nikifumba namwona Mwalimu Rukia amekaa barazani, sijui baraza ya nani, gita liko mapajani, na mimi niko karibu namenya machungwa. Saa zilipita hivyo. Chai ilipoa hivyo. Vyuma vya shaba nikavipanga kwa rula, nafasi sawasawa, na vilikaa mtindo mmoja, vizuri kama meno ya chanuo.

Nikatia nyuzi, nikazikaza kwa msaada wa simu ile inayokuonyesha kama sauti iko juu au chini. Zikiwa wazi, bila ya kubanwa popote, zililia vizuri. Nikabana chuma cha kumi na mbili, pale katikati, zikalia vizuri vile vile. Basi nikaona yatosha, mwanzo uko sawa na mwisho uko sawa, huko kati kutaendaje kombo? Kupiga lenyewe sijui, kwa hiyo sikujaribu chuma kingine.

Siku ya wazazi ilipofika Mwalimu Rukia alikuwa amenialika nilete gita mwenyewe nikae viti vya mbele. Nami, kwa wazimu wangu, nikamchukua mama. Nilimwambia kuna mtu nataka amwone. Sikusema zaidi, lakini mama alivaa leso mpya na akajifukiza, kwa hiyo alielewa vizuri kuliko nilivyokuwa nimeelewa ile karatasi.

Feri ilikuwa imejaa asubuhi ile, na mtu mmoja mwenye gunia la mihogo akaniona na gita akasema, "Hebu tuonjeshe, kaka." Nikapitisha vidole juu ya nyuzi zikiwa wazi, mara moja tu, kutoka juu hadi chini. Zikalia. Watu wakageuka. Mama mmoja akasema mashallah. Mama yangu akanyoosha shingo akatangaza, "Amelitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake." Maji yalikuwa yakimeta, upepo ukinipiga usoni, na mimi sikuwa ferini tena, nilikuwa mbali kabisa, nimeshaoa, nimeshajenga, namsomesha mtoto wa kwanza. Mtu wa mihogo ndiye aliyenigusa bega kwamba tumefika, nishuke.

Ukumbini nikakabidhi gita kwa msichana aitwaye Mwanasha, wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye aibu, ambaye alijifunza kupiga kwa mjomba wake na alikuwa amefanya mazoezi kwa gita la kuazima. Gita langu alilipata wakati ule ule wa kupanda jukwaani. (Nalikuwa nimechelewesha, nikiongeza vanishi.) Nyuma yake wasichana kumi wa kuimba, na Mwalimu Rukia pembeni na mtandio wake ule ule wa kijani. Mwanasha akapitisha vidole kwenye nyuzi zikiwa wazi, zikalia kama zilivyolia ferini, akatabasamu. Nikamminya mama mkono.

Kisha akabana nyuzi, akapiga.

Sijui niieleze vipi ile sauti. Ilikuwa kama watu sita wanaogombana kila mmoja kwa lugha yake. Mwanasha akaitazama mikono yake kana kwamba si yake. Akabana tena kwa nguvu zaidi, akapiga, ikawa mbaya zaidi. Wasichana walikwisha kuanza kuimba, wakalifuata gita wakapotea, wakaliacha wakapotea zaidi, na kule nyuma mtoto mdogo akaanza kulia.

Sasa mtu mzima angekaa kimya. Mimi niliinuka. Nikapanda jukwaani mbele ya watu wote nikasema kwa sauti, "Samahanini, ni upepo wa feri, umelegeza nyuzi," nikaanza kukaza. Nikakaza, nikampa. Akapiga, ileile. Nikalichukua tena, nikalegeza huu nikakaza ule, nikampa. Ikawa kama mlango wa chuma unaoburutwa. Watu wakaanza kucheka, jasho likanitiririka ndani ya kanzu, na kutoka kinywani mwangu (sijui yalitokea wapi maneno haya, na haya ndiyo ninayoyajutia mpaka leo kuliko mengine yote) nikasema, "Labda binti huyu bado hajajua kupiga."

Mwanasha akaliweka gita chini taratibu. Machozi yalikuwa yakimshuka na yeye anajitahidi kuyaacha yashuke bila ya kuyafuta, watu wasione.

Mwalimu Rukia akaja. Akaliinua gita, akalitazama shingo, na uso wake ukabadilika. Akamtuma msichana rula. Akapima chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Fundi," akaniuliza kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa karibu na watu wote walisikia, "umeviweka sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, mwalimu," nikasema, bado nikiwa na majivuno kidogo. "Kama ulivyoandika. Moja juu ya kumi na mbili."

Akafumba macho kidogo. Kisha akaniuliza, nadhani kwa sababu mwalimu ni mwalimu hata nyumba ikiungua, "Sitini na nne kwa kipeo cha nusu ni ngapi?"

Nikaona hapa nimepata nafasi ya kujiokoa. Nikajibu kwa sauti kubwa, "Thelathini na mbili!"

Wasichana wa kidato cha tatu waliangua kicheko, wale wote waliofundishwa na Mwalimu Rukia, kicheko kilichoanza mstari wa pili kikaenda mpaka mlangoni. Na mimi bado ningeweza kuokoka kama si mama yangu, ambaye alisimama, akajifunga leso kiunoni, akawageukia.

"Mwamcheka nini mwanangu?" akasema. "Nusu ya sitini na nne si thelathini na mbili? Shule hii mwafundishwa nini?"

Hapo hata mwalimu mkuu alicheka.

Nilitoka. Wasichana waliimba bila ya gita, nikawasikia nikiwa nje, waliimba vizuri sana, na hilo liliniuma pia. Nikaingia darasa moja tupu nikakaa kwenye dawati la mwisho, magoti yakigusa ubao wa chini. Darasa lilikuwa na ule ukimya wa vyumba ambavyo watoto wametoka sasa hivi, chaki inanukia, jua limelala juu ya madawati, mwarobaini wa nje unatupa vivuli vinavyotembea ukutani. Sijui nilikaa kiasi gani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Rukia, na nyuma yake mama, aliyekaa karibu na mlango na kujifanya hayupo.

"Fundi Hamadi," akasema, "siku ile ulielewa?"

"Sikuelewa hata neno moja, mwalimu."

Hakucheka. Akachukua chaki, akaandika moja upande wa kushoto wa ubao na sitini na nne upande wa kulia.

"Wewe ukisikia nusu, wakata kwa msumeno," akasema. "Lakini kipeo hakikati. Kipeo chahesabu hatua za kuzidisha. Nane kwa kipeo cha mbili ni hatua mbili za nane: mara nane, tena mara nane. Yafika wapi?"

"Sitini na nne."

"Basi sasa rudi nyuma. Nataka kutoka moja hadi sitini na nne kwa hatua mbili zilizo sawa, lakini kila hatua ni ya kuzidisha. Nikifika nusu ya safari, nimesimama wapi?"

Nikautazama ubao. Akaandika nane baina ya moja na sitini na nne.

"Nane," nikasema. "Si thelathini na mbili."

"Nane. Ndiyo sitini na nne kwa kipeo cha nusu. Na kwa kuwa ni namba ambayo ikijizidisha yenyewe yatoa sitini na nne, tunaiita kipeuo cha pili. Kipeo kwa 'e' na 'o' tu, kipeuo kina 'u' ndani." (Nikajua kalamu yake haikuteleza.) "Na ukitaka hatua tatu?"

Nilijaribu mbili, ikawa ndogo. Nikajaribu tatu, ikafika ishirini na saba ikasimama. Nikajaribu nne: nne, kumi na sita, sitini na nne. Nikaisikia ikifika. Sijui niseme vipi, niliisikia, kama mguu unaotafuta ngazi gizani na kuikuta.

"Nne," nikasema. "Kwa kipeo cha theluthi ni nne. Ni kipeuo cha tatu."

"Na theluthi mbili?"

"Hatua mbili katika zile tatu." Nikatazama. "Kumi na sita."

"Namba ya chini yakwambia njia ina hatua ngapi," akasema, "na ya juu yakwambia umekwenda ngapi. Hakuna zaidi ya hapo."

Akaniambia kwamba sikio nalo huenda hivyo hivyo, kwa kuzidisha na kugawanya, wala halijui rula. Kutoka sitini na nne hadi thelathini na mbili ni kugawa kwa mbili. Ukitaka kufika kwa hatua kumi na mbili ambazo sikio litaziona sawa, lazima kila hatua igawe kwa namba ile ile, na namba yenyewe ni ile ambayo ikijizidisha mara kumi na mbili hutimia mbili. Kipeuo cha kumi na mbili cha mbili. Au, mbili kwa kipeo cha moja juu ya kumi na mbili. Kitu kimoja, majina mawili. Akaitafuta kwenye simu: moja nukta sifuri tano tisa na ushei. Tukagawa pamoja. Sitini na nne ikawa sitini na nukta nne, kisha hamsini na saba, kisha hamsini na tatu na nukta nane, na nikaona nafasi zikipungua kidogo kidogo zenyewe, pana mwanzo, zikishuka zinabanana, na tulipofika chuma cha sita, ambacho mimi nilikiweka kwenye arobaini na nane, hesabu ilisimama kwenye arobaini na tano na robo. Nikalikumbuka gita la dirishani Nyali. Nikaweka kichwa juu ya dawati.

"Kuna nini tena?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu. Kuna mtu nimemtukana bure."

Nililirudisha gita Bombolulu. Nikang'oa vile vyuma vyote, nikaziba mapengo, nikapima upya usiku na mchana, na safari hii kila nikifumba macho nilijilazimisha kuyafumbua. Baada ya wiki mbili nikaenda shuleni asubuhi wanafunzi wakiwa wamepanga mistari, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikasimama mbele yao wote nikasema, "Siku ya wazazi nilisema Mwanasha hajui kupiga. Mwanasha anajua. Aliyekuwa hajui ni mimi, nilikosea vyuma, na nikamtwika yeye kosa langu. Naomba radhi." Mwanasha akaja akalichukua gita, akabana nyuzi, akasita, akanitazama, kisha akapiga.

Ilikuwa sauti ya kweli. Sina neno jingine, sauti zilikaa kila moja mahali pake, na ile asubuhi yote, mistari ya wasichana, bendera, kunguru waliokuwa wakipiga kelele juu ya paa, vyote vikawa kama vimesimama kusikiliza.

Basi funzo mnalijua. Tangu siku ile mteja akinieleza jambo nisilolijua, namwambia arudie, na nikisikia mawazo yameanza kuelea namwambia arudie tena, waache waseme fundi mzito, mzito ni heri. Nimeapa hivyo, na kiapo nakishika.

Ila siwezi kuwaambia kwamba nimepona kabisa, maana siku hiyo hiyo, Mwalimu Rukia aliponisindikiza hadi langoni, nilijikaza nikamwuliza kama ningeweza kuja kila Jumamosi anifundishe hesabu zaidi. Akatazama chini. Akasema haitapendeza mwanamume kumjia mwalimu wa kike kila Jumamosi, watu wana midomo, lakini wazee wake wako Mtongwe, na baada ya sala ya Alasiri huwa wapo nyumbani.

Nilifikiri sana. Nikakumbuka kiapo changu, kwamba nisipoelewa niulize.

"Wazee wako nao," nikamwuliza, "wanafundisha hesabu?"

Akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika, akageuka akarudi darasani bila ya kunijibu, na mimi nikabaki langoni nimesimama juani mpaka bawabu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Jioni nikamweleza mama neno kwa neno. Mama akatikisa kichwa, kisha akainuka kwenda kumpigia simu ammi yangu, ndugu wa baba, aulize ana nafasi siku gani ya kuvuka kwenda Mtongwe.